Buli Lisilo na Pua

Jua lilikuwa linazama Kidole alipofika kwenye geti la kijani, boksi la viatu likiwa kwapani. Ndani ya boksi, katikati ya pamba, kulikuwa na seti ya chai: buli, vikombe, visahani na sinia lake. Seti nzima ingeenea kwenye kiganja cha mtoto. Aliambiwa kwa simu ailete kabla giza halijaingia, na yeye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, si kama wale mafundi wa "njoo kesho" ambao hata jeneza lako wangelichelewesha.

Kidole halikuwa jina lake, ila lile la kwanza hata majirani walishalisahau. Alipewa hilo kwa sababu mabuli yake aliyafinyanga juu ya ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake, yeye pamoja na mdogo wake, mabinti wawili. Udongo waliuchuja kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama uji wa mgonjwa. Mrija wa kumiminia waliuviringisha juu ya njiti ya ufagio. Pale mrija unapoungana na tumbo la buli walitoboa vitundu kwa sindano, eti vya kuchujia majani ya chai, ingawa hakuna aliyewahi kunywea humo. Yalikuwa mapambo ya kabatini tu. Na kwenye kila kifuniko, tundu moja la hewa.

"Chenye tumbo kiachie pua," mama alizoea kusema. Ukimuuliza pambo linahitaji pua ya nini, alikutazama bila kupepesa mpaka ukajutia swali lako.

Mlango ulifunguliwa kabla Kidole hajabisha.

"Pita, fundi. Pita tu."

Alikuwa bibi mwembamba mwenye gauni refu, na sauti yake ilikwaruza kama bawaba yenye kutu. Kidole akavua viatu, akaingia sebuleni, na hapo hapo akasimama. Kuta zote zilikuwa makabati ya kioo, toka sakafuni hadi darini. Mabuli. Mabuli madogo matupu, hakuna kikombe wala kisahani, yamepangwa midomo yote ikielekea upande mmoja.

Tena palikuwa na harufu. Haikuwa ya vumbi wala ya dawa. Ilikuwa harufu ya chumba walicholala watu wengi, madirisha yakiwa yamefungwa.

"Mnaishi wengi humu, bibi?"

"Peke yangu, mjukuu wangu. Kama unavyoniona."

Bibi akafungua kabati, akachagua buli moja, akaweka mrija wake mdomoni na kuvuta. Fyuu... Akameza. Buli lilikuwa kavu, Kidole aliliona kwa macho yake.

"Na wewe nikukaribishe chai?" bibi akauliza.

Sauti ilikuwa ya msichana.

Laini, changa, yenye kicheko ndani yake. Kidole akageuka nyuma kumtafuta msichana huyo. Hakukuwa na mtu. Akajiambia uzee una mambo yake, labda koo la bibi limelainika, lakini vinyweleo vya mikono vilikuwa vimesimama na havikutaka kulala.

"Ahsante bibi, nimeshiba. Mzigo wako huu hapa."

Bibi hakuitazama ile seti. Alimwekea mkononi buli la zamani lisilo na kifuniko. Kidole akaligeuza. Chini palikuwa na alama ya ukucha, imekandamizwa udongo ukiwa bado mbichi. Ilikuwa alama ya mama yake. Nyumbani hawakubaki na hata kazi yake moja. Zote ziliuzwa, na mama mwenyewe aliondoka ghafla, kifua kilimbana jioni moja alipotoka kupeleka mzigo, hata kuaga hakuweza.

"Alikuwa mtu wangu sana mama yako," bibi akasema kwa sauti ile changa. "Nitengenezee kifuniko cha hilo. Ukikileta nitakupa buli jingine la mama yako, liwe lako, ukae nalo. Ila kifuniko kisiwe na tundu."

"Bibi, sisi hatu..."

"Ni pambo tu, fundi. Tundu linaingiza vumbi."

Kidole aliitazama tena ile alama ya ukucha, na hamu ya mama ikamzidi. Alikubali. Alikubali haraka, kabla hajajipa nafasi ya kufikiri.

"Na mdogo wako alipulize vizuri," bibi akaongeza akimsindikiza. "Nampenda anavyopiga mluzi akipita hapo chini."

Alipofika barabarani ndipo Kidole alipokumbuka. Hajawahi kumwambia yule bibi kwamba ana mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Filimbi, na alistahili. Alipiga mluzi akifua, akipika, akipanga foleni benki. Wimbo ulikuwa mmoja tangu utotoni, na kila ukifika katikati alikosea pale pale, akacheka, akaanza upya. Kidole alishamwambia mara nyingi kwamba hata kasuku angekuwa ameshaujua.

Kazini pumzi hiyo ndiyo ilikuwa mali yao. Buli likichovywa kwenye rangi ya kung'arishia, ile inayogeuka kioo ikipata moto, vitundu vya ndani huziba. Lazima mtu aweke mrija mdomoni na kupuliza kabla rangi haijakauka. Filimbi alifunika buli kwa kifuniko chake, akakishikilia kwa kidole, akapuliza. Pumzi ikapita kwenye mrija, ikazunguka tumboni, ikatokea kwenye tundu la kifuniko kwa mluzi mwembamba. Likilia, njia ziko wazi, liende tanurini. Lisipolia, sindano irudi kazini. Hivyo ndivyo mama alivyowafundisha.

Kidole alikitengeneza kile kifuniko kwa kujificha, kama mtoto anayelamba sukari. Alikipa kishikio mfano wa punje ya mtama, vilevile alivyozoea mama, maana ni mama aliyemshika mkono akamwonyesha. Kikapita moto wa kwanza, akakichovya kwenye rangi pamoja na buli lake. Hakumwambia mdogo wake kitu. Angemwambia nini? Kwamba amevunja neno la marehemu kwa sababu ya mteja? Alikusudia kulipuliza mwenyewe, bila kifuniko, kisha alifunike taratibu. Lakini gesi ya tanuri ilikwisha, akalazimika kutoka kwenda kuitafuta. Lile buli akaliacha kwenye sinia, kifuniko kando yake, katikati ya wenzake.

Filimbi naye si mtu wa kungoja.

Kidole aliporudi, mabuli yote yalikuwa yamepulizwa na kupangwa tanurini, na mdogo wake alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, kimya.

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu, dada. Washa tanuri."

Akaliwasha.

Kadiri moto ulivyopanda, Filimbi alizidi kupungua. Kwanza aliacha kuongea sentensi ndefu. Halafu akaacha kula. Kulipokucha alikuwa anapanda kitanda kama mtu anayepanda mlima. Kidole alifungua tanuri huku akili yake iko chumbani kwa mdogo wake, na alipoinua kichwa, yule bibi alikuwa tayari mlangoni. Amefikaje, hakujua. Bibi alijichukulia buli lake mwenyewe. Kifuniko kilikuwa kimeshikana na buli, rangi imeyeyuka ikaviunganisha, halifunguki tena. Bibi akaliweka sikioni.

Akatabasamu.

"Njoo uchukue lako la mama wakati wowote," alisema, akaondoka.

Hospitali walimpiga Filimbi picha, wakamsikiliza mgongoni na kifuani. Daktari aliitazama ile picha mbele ya taa, akakuna kichwa. "Kifua chake ni kisafi kabisa. Sioni ugonjwa."

Maneno hayo hayo waliambiwa kuhusu mama.

Alimrudisha nyumbani, akamlaza, akakaa kando ya kitanda akimshika mkono. Midomo ya Filimbi ilikuwa ya kijivu. Kila pumzi iliyoingia ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Kidole hakuwa na mtu mwingine duniani, na alijua kwamba anamwona akimtoka.

"Dada..." Filimbi akanong'ona.

"Usiongee."

"Moja... halikulia."

"Nini hakikulia?"

"Buli moja... Nilipuliza... pumzi haikurudi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu lililovunjika halikuwa la Kidole, na hilo ndilo lililomuuma. Alimwita jirani aje akae na mgonjwa, akatoka mbio bila kufunga mlango.

Alifika kwenye geti la kijani giza likianza kushika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mlango wa bibi ulikuwa wazi kidogo, upana wa mkono. Ile harufu ilimpokea nje kabisa.

Akaingia.

Mwanzoni alidhani ni upepo. Kisha akasikia kwamba upepo unaingia na kutoka... unaingia na kutoka... pande zote, juu na chini, nyuma ya vioo. Mwingine mzito. Mwingine wa mtoto. Mwingine wenye kikohozi. Kidole alijibana katikati ya chumba, asiguse kabati lolote.

Bibi alikuwa ameketi mwisho wa chumba, kivuli tu. Mbele yake palikuwa na kimeza, na juu yake mabuli mawili. Akainua moja, akavuta.

Fyuu...

"Karibu," akasema. "Karibu, kifungua mimba wangu."

Kidole akasogea hatua moja mbele.

Ilikuwa sauti ya mama. Haikuwa ya kufananisha. Ilikuwa yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo wa asubuhi kabla hajanywa maji. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo.

"Mama?"

"Sasa unalia nini?" bibi aliuliza, bado kwa sauti ile. "Mama yako aligoma, akagoma, mwishowe akanifanyia kifuniko kimoja, halafu akalipuliza buli lake kwa mazoea. Mazoea yana taabu. Nilikuahidi la mama yako, chukua. La mdogo wako umenitengenezea kwa mkono wako mwenyewe. Hilo ni langu."

Akalirudisha lile buli mezani, karibu na mwenzake. Katika giza lile yalikuwa kama mapacha.

"Chukua moja. Hapa kwangu hutoka mmoja."

Kidole hakujua alipata wapi nguvu. Liwalo na liwe. Alijitupa mbele, akayakumba yote mawili kifuani, akageuka. Goti likagonga kabati, vioo vikalia, na pumzi zote mle ndani zikasimama kwa pamoja. Bibi hakunyanyuka. Hakupiga hata kelele. Alimwacha afike mlangoni, ndipo akauliza, safari hii kwa sauti yake yenyewe, ile ya kutu:

"Utafungua lipi?"

Alikimbia, swali hilo likiwa masikioni.

Nyumbani jirani alikuwa amewasha mshumaa na anasali kwa sauti ya chini. "Umekuja," alisema. "Nilidhani utamkuta... Hebu mwangalie." Filimbi alikuwa ametoa macho. Kifua chake kilipanda kidogo sana, kikashuka, kikakaa chini muda mrefu kabla ya kupanda tena.

Kidole aliyaweka mabuli kwenye mwanga. Alama za ukucha chini, zote mbili. Vifuniko bila tundu, vyote viwili. Vishikio punje ya mtama. Maisha yake yote alijivunia kwamba mkono wake umefanana na wa mama hata mteja hawezi kuutofautisha, na sasa mwenyewe hakuweza. Akaweka moja sikioni. Pumzi. Akaweka jingine. Pumzi.

"Fanya haraka!" jirani akasema.

Moja lilionekana kung'aa zaidi. Jipya hung'aa zaidi, si ndiyo? Au ni mshumaa tu? Kifua cha Filimbi kilishuka, hakikupanda. Hapakuwa na muda. Kidole akachukua lile lililong'aa, akalisogeza midomoni mwa mdogo wake, akasimamisha msumari mwembamba juu ya kifuniko na kuugonga kwa nyundo ndogo.

Tik.

Fyuuuuu...

Hewa ya joto ilimpiga kidoleni. Filimbi akavuta pumzi ndefu, ndefu mno, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Akaketi. Rangi ikamrudia midomoni. Jirani akapiga kigelegele, Kidole akamkumbatia mdogo wake na kulia kwa nguvu mpaka kamasi zikamtoka, na hakuona aibu.

Siku zilizofuata nyumba ilirudiwa na uhai. Filimbi alikula, alifagia, alikaa kwenye meza ya kazi. Kidole alipita kule kwenye geti la kijani mchana kweupe, akiwa na jirani kwa ajili ya usalama. Walimkuta fundi rangi akipaka kuta rangi nyeupe. Mpangaji amehama, aliwaambia, na makabati yake. Hakujua amehamia wapi.

Lile buli la pili Kidole alilifungia kwenye droo ya zana. Alikuwa na mpango nalo. Mama alikaa humo muda wa kutosha, naye angemfungulia, aende zake kwa amani. Kila alipotaka kufanya hivyo, moyo ulimrudisha nyuma. Kumwachia mama mara ya pili si jambo dogo.

Mambo mengine aliyaona lakini hakuyatia maanani. Filimbi alikuwa hapigi mluzi. "Koo linawasha bado," alisema, na sauti ilikuwa ya Filimbi kabisa, ingawa asubuhi ilikuwa na mkwaruzo. Hakumwita tena dada. Hakumwita kitu. Udongo aliuchuja mara mbili, alivyokuwa akichuja marehemu. Siku moja Kidole alimuuliza kwa utani, "Hivi wewe, siku hizi mbona umekuwa mtu mzima ghafla?" Filimbi akamtazama bila kupepesa.

Kidole akajutia swali lake.

Jioni hiyo alifungua droo. Nje jua lilikuwa linazama, na kutoka jikoni ilisikika sauti ya vyombo vikioshwa. Alilitoa buli, akaandaa msumari na nyundo. Akaliinua kwanza hadi sikioni, amsikie mama kwa mara ya mwisho.

Kulikuwa na pumzi.

Halafu, kwa mbali sana, kama kutoka chini ya kisima, kulikuwa na mluzi.

Wimbo ule ule. Ukafika katikati, ukakosea pale pale, ukaanza upya.

Vyombo jikoni vilikuwa vimenyamaza. Aliushika msumari, akauweka juu ya kifuniko, na akili yake ikamwambia jambo ambalo hakutaka kuambiwa: kifua kilichoko jikoni ni kimoja, na pumzi ni mbili. Ikiingia hii, ile itakwenda wapi?

Ubao wa sakafu ukalia nyuma yake.

Mkono wenye maji ya vyombo ukamshika bega, taratibu, kwa mapenzi. Ulikuwa mkono wa mdogo wake, pamoja na kovu lake la moto wa tanuri.

"Usitoboe hicho," sauti ilinong'ona. "Nipe, kifungua mimba wangu. Miaka yote hiyo gizani... Usinirudishe."

Kidole hakugeuka. Machozi yalimtiririka, akashindwa kujua ni ya yupi. Kiganja kilikuwa wazi kando ya shavu lake, kikingoja. Na ndani ya buli mluzi ulifika tena pale unapokosea kila siku, ukasita, ukakata.

Kisha ukaita, kwa sauti nyembamba kuliko sindano:

"Dada?"